Chema Chajiuza? Wanamuziki wa Tabora na Njia ya Misafara

Muhula uliopita, katika semina ya fasihi simulizi, mwenzetu mmoja aliwasilisha kazi yake kuhusu nyimbo za dansi la zamani. Hata hajafika ukurasa wa tatu, mikono ikawa juu darasa zima. Hoja iliyotawala ilikuwa moja: muziki ule ni wa kuiga tu. Wazee wetu waliwaiga Wakuba, baadaye wakawaiga Wakongo. Watoto wao wakawaiga Wamarekani, na wajukuu sasa wanawaiga Wanigeria na watu wa Afrika Kusini. Kitu cha kuiga, wakasema, mhakiki ahakiki nini? Mwalimu akatutupia swali dogo: kama wote waliiga, mbona wengine walipata jina na wengine hawakupata? Kimya. Halafu sauti ikatoka nyuma: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Watu wakacheka, saa ikaisha, tukaenda zetu kantini.

Mimi nilibaki na ile methali kichwani, maana natoka Tabora. Nyumbani kwa babu yangu mzaa mama, mtaa wa Ng'ambo, kuna kanda moja ambayo babu aliirekodi mwenyewe kutoka redioni. Upande mmoja ni Tabora Jazz, upande wa pili Nyanyembe Jazz. Katikati ya wimbo mmoja sauti ya mtangazaji inaingia, na mahali pengine jogoo wa jirani anawika. Likizo iliyopita, baada ya kumwamkia na kukaa naye barazani, nilimuuliza: "Babu, hawa walikuwa wazuri namna hii, mbona wenzangu chuoni wanamjua Mbaraka, wanawajua Sikinde, lakini hawa wanawajua kwa wimbo mmoja tu?" Babu hakuniambia habari za kipaji wala za kuiga. Aliniuliza: "Mjukuu wangu, nani aliwabeba?"

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali la babu. Nitadai kwamba katika historia ya muziki wa njia ya Tabora kuiga hakukuwa adui wa kipaji, bali shule yake. Nitadai pia kwamba kipaji peke yake hakikutosha kumpa mtu jina, kwa kuwa kati ya mwimbaji na hadhira pana palikuwa na njia, na njia ina wenyewe. Sisi wahakiki tumezoea kumuuliza mwimbaji aliimba nini na aliimba vipi. Mara chache tunauliza wimbo ulifikaje masikioni mwetu.

Mzigo na mwenye mzigo

Tuanze mbali kidogo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji, Ziwa Tanganyika. Hapo Tabora njia ziligawanyika: moja ilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi hadi Katanga, ambako Msiri, mtu wa huku kwetu, alijijengea dola. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 mahali hapo paliitwa Kazeh, na walikuta tayari Waarabu na Waswahili wamejenga matembe na kustarehe. Wakati huo hapakuwa na bendi yoyote. Lakini palikuwa na wapagazi, na wapagazi waliimba.

Kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kazi ya heshima. Kijana ambaye hajawahi kuiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Msafara uliongozwa na mtu aliyeitwa kirangozi: alitangulia mbele, amevaa vazi jekundu na manyoya kichwani, ngoma ikilia karibu naye. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo na safu nzima nyuma yake ikaitikia. Sisi tunaosoma fasihi simulizi hatuhitaji kufundishwa tunatazama nini hapa. Kirangozi ni fanani, msafara ni hadhira inayoshiriki, na jukwaa lenyewe linatembea. Wimbo uliosikika Ugogo jana unaigwa kesho, unabadilishwa maneno, na mwezi ujao unaimbwa Ujiji kwa Kiswahili chenye ladha ya Kinyamwezi. Tena hakuna aliyeona haya kuiga. Aibu ilikuwa kurudi kutoka pwani bila wimbo mpya.

Sasa tutazame upande wa biashara. Pembe za ndovu zilizobebwa na wale watu, na wakati mwingine na watumwa walioswagwa njia hiyohiyo, hazikuwa za kirangozi. Zilikuwa za mwenye msafara, na mara nyingi hata mwenye msafara alikuwa amekopeshwa mtaji na matajiri wa Unguja. Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora, alikopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi. Ndiyo, Tippu Tip alikuwa hodari. Lakini angalia kilichobaki. Tippu Tip ametuachia kitabu cha maisha yake kwa Kiswahili, ambacho mpaka leo kinasomwa kama mwanzo wa tawasifu katika lugha yetu. Virangozi waliomwongoza hawakuacha hata ukurasa mmoja. Je, walikosa kipaji? Waliongoza watu kwa miezi kadhaa porini kwa sauti na ngoma! Walichokosa ni umiliki wa mzigo, na mwenye mzigo ndiye aliyeandikwa.

Natumia mfano huu kwa makusudi, kwa sababu nitaonyesha kwamba reli, santuri na redio zilipokuja, nafasi hizi mbili zilibaki. Palikuwa na anayetangulia akiimba, na palikuwa na mwenye mzigo.

Beni: kuiga mchana kweupe

Kama kuna mchezo uliostahili kuitwa wa kuiga, basi ni beni. Jina lenyewe limetoka katika neno la Kiingereza la bendi. Ulianza miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ukashuka Tanganyika. Wachezaji walivaa sare kama za askari wa kizungu, walipiga tarumbeta na ngoma kubwa, walipeana vyeo vya mfalme, jenerali na kapteni. Palikuwa na vyama viwili vikubwa vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilipokuja, askari na wapagazi wa jeshi waliubeba mchezo huu hadi bara. Tabora, ambayo reli ilifika mwaka 1912 na ambayo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka Septemba 1916, ilikuwa katikati ya mapito hayo yote.

Mwanahistoria T. O. Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni, kilichotoka mwaka 1975, na ameonyesha kwamba mchezo huu haukuwa kasuku wa mkoloni. Ndani ya sare za kuigwa watu walisaidiana katika misiba, walipanga nani ana hadhi na nani hana, walitukanana kwa ushairi na kumsema mkubwa kwa mafumbo. Umbo lilikuwa la mgeni. Mambo yaliyosemwa yalikuwa ya mtaani. Nadhani hapa ndipo wenzangu wa semina walipoteleza. Walitazama sare, hawakusikiliza maneno.

Lakini beni inatufundisha jambo la pili, nalo ni soko. Vyama viwili vikishindana, mshindi ni yupi? Ni yule aliyevuta watu. Na hili halikuletwa na Mzungu. Majirani zetu Wasukuma wana vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika, ambavyo baada ya mavuno hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na ushindi huhesabiwa kwa wingi wa watu waliozunguka kila upande. Kila upande una manju wake hodari, na kila upande una dawa zake za kuvutia watazamaji. Ebu fikiria: wazee wetu walijua zamani kwamba kucheza vizuri ni jambo moja na kuvuta watu ni jambo jingine, na kwamba la pili linahitaji dawa yake. Leo dawa hiyo tunaiita matangazo.

Santuri na wenye vyombo

Miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilianza kuleta Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba. Santuri hizi ziliingia mijini kwa meli na reli, na vijana wa Kiafrika waliposikia midundo ile hawakuiona ngeni sana. Wala si ajabu, maana sehemu kubwa ya midundo hiyo ilivuka bahari na watumwa waliotoka Afrika. Dar es Salaam Jazz ilikuwa imekwisha anza mwaka 1932. Morogoro alitokea Salum Abdallah na Cuban Marimba, na hata jina la bendi halikuficha limetoka wapi. Tabora ikawa na Kiko Kids, bendi ya Salum Zahoro, halafu Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz.

Waliiga? Babu anakubali bila kuona haya: "Tuliiga, sasa tungejifunzia wapi?" Lakini tuangalie kazi yenyewe ilivyofanyika. Nyimbo za Kuba ziliimbwa kwa Kihispania, ambacho Tabora hakikujulikana. Mdundo waliupata bure. Maneno walilazimika kuyatafuta wenyewe. Hapo ndipo kipaji kilipoingia kazini. Mtunzi alichukua mdundo wa mbali, akauwekea kisa cha mtaani: barua isiyojibiwa, mke aliyeondoka, rafiki aliyegeuka, dada aliyesahau kwao. Aliyapanga maneno kwa vina na mizani alivyozoea kuvisikia katika mashairi, akaweka nasaha mwishoni, kisha akaacha magitaa yaingie kwenye chemko watu wacheze. Ukiutazama wimbo wa namna hii kwa macho ya mwanafasihi unaona fani iliyokopwa na maudhui yaliyozaliwa hapahapa. Shaaban Robert naye alitunga insha, na insha haikuzaliwa Tanga. Mbona hatumwiti mwigaji?

Basi kuiga tukuweke kando, tuje kwenye kubebwa. Kiko Kids walirekodi katika lebo ya Mzuri, ambayo ilikuwa ya wafanyabiashara wa Mombasa, Assanand. Ndiyo maana sauti zao zimesalia. Mzee Zahoro mwenyewe miaka ya 1990 alionekana tena Dar es Salaam katika Shikamoo Jazz, bendi ya wakongwe, akiimba mbele ya watu ambao wengi hawakujua kwamba alianzia Tabora. Sauti ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama.

Mfano mzuri zaidi ni Western Jazz. Bendi hii ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende. Jina la Western lilitokana na Jimbo la Magharibi la enzi za mkoloni, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Yaani ni bendi ya watu wa kwetu, imebeba jina la kwetu, lakini imepigwa mjini. Mtindo wao wa Saboso ulienea nchi nzima. Sisemi kwamba hawakustahili. Nasema tu kwamba kati ya Western Jazz na ndugu zao waliobaki nyumbani, jambo moja ambalo hatuna shaka nalo ni umbali wa zaidi ya kilometa 800 za reli.

Umbali huo ulifanya nini hasa? Kwanza, mapato. Bendi iliishi kwa kiingilio cha mlangoni. Mfanyakazi wa Dar es Salaam alilipwa kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi ukumbi ulijaa. Mkulima wa tumbaku wa Urambo hulipwa kwa msimu. Pili, vyombo. Magitaa, vikuza sauti na saksafoni vilikuwa ghali, na mwanamuziki mwenyewe mara nyingi hakuwa navyo. Ndiyo maana wanamuziki wana msemo kwamba mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake na kuwalipa wanamuziki mishahara. Baada ya hapo mashirika na majeshi yalifuata, na mengi yalikuwa Dar es Salaam. Mpiga gitaa wa mkoani aliyesikia habari ya mshahara, utamlaumu akipanda treni? Tatu, redio na studio. Radio Tanzania ilikuwa Dar es Salaam, na viwanda vya kufyatua santuri vilikuwa Nairobi.

Tabora Jazz waliivuka njia hiyo. Mtindo wao waliuita Segere Matata, na jina la mtindo enzi zile lilikuwa kama nembo ya biashara: Saboso, Msondo, Sikinde, Segere Matata. Ukilisikia tu unajua ni nani anapiga. Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma aliyefariki mwaka 2014, aliwapa wimbo wa "Dada Asha", na wimbo huo ndio uliofika kila mahali. Ulifika kwa sababu ulikuwa mzuri, sikatai. Ulifika pia kwa sababu ulitoka katika santuri iliyofyatuliwa Nairobi na kwa sababu redio iliupiga. Nyimbo nyingine katika kanda ya babu, ambazo kwa sikio langu haziko nyuma yake, zilibaki redioni.

Na redio nayo ilikuwa na mambo yake. Katika miaka ya 1970 Radio Tanzania iliacha kupiga muziki wa nje katika idhaa yake ya taifa. Hatua hii ilizisaidia sana bendi zetu. Bila hiyo pengine babu asingekuwa na cha kurekodi. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Njia ya Nairobi ikawa ngumu. Kampuni ya Filamu Tanzania ilipewa jukumu la santuri, lakini kiwanda cha kutegemewa hakikusimama. Studio iliyobaki ikawa ya redio, ambayo ilirekodi kwa ajili ya kutangaza, si kwa ajili ya kuuza. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: mwanamuziki anajulikana toka Mtwara hadi Bukoba, wimbo wake unaimbwa na watoto, na mfukoni hana kitu. Kanda zilinakiliwa dukani na sokoni, na aliyenakili ndiye aliyeuza. Hata babu yangu, kwa kweli, alimpunja mtunzi. Alimpenda na akampunja kwa kanda hiyohiyo. Sheria mpya ya hakimiliki, iliyoleta COSOTA, ilitungwa mwaka 1999, wakati bendi nyingi za mikoani zimekwisha zimika.

Pingamizi mbili

Najua mtu ataniuliza: na Mbaraka Mwinshehe je? Hakuwa wa Dar es Salaam. Alipiga Morogoro Jazz, akaondoka mwaka 1973 kuunda Super Volcano, na hakuna bendi ya mjini iliyomfunika. Hoja hii ni nzito na siwezi kuikwepa. Kipaji kikubwa kupita kiasi kinaweza kujitengenezea njia. Lakini hata hapa tutazame ramani. Morogoro ni karibu kilometa 200 tu kutoka Dar es Salaam, katika njia kuu. Na Mbaraka alilifuata soko la santuri Kenya. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Kwa hiyo sidai kwamba umbali unaua kipaji. Nadai kwamba umbali unakitoza ushuru, na mwenye kipaji cha kawaida, ambacho kingetosha kabisa mjini, mkoani hakitoshi kulipa.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: basi yote ni biashara, kipaji si kitu? Hapana. Mtazame Remmy Ongala. Alizaliwa upande wa Kindu, Kongo, katika nchi ya Manyema ambako misafara ya Tippu Tip ilikuwa ikielekea. Akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Makassy, na baadaye akawa na Super Matimila. Kanda yake ilifika kwa waandaaji wa tamasha la WOMAD Uingereza, akaalikwa mwaka 1988, na mwaka uliofuata albamu yake ikatolewa na lebo ya Real World. Kama kanda ile isingekuwa na kitu, wasingemwita. Lakini kama isingebebwa na mtu, wangemsikia wapi? Muziki wake ulikuwa na Kongo ndani yake, na Kuba ndani ya Kongo, na juu ya yote maneno yake mwenyewe kuhusu maskini na kifo. Vitu vitatu vilikutana kwa mtu mmoja: alichojifunza kwa wengine, alichoongeza mwenyewe, na mtu wa kubeba.

Kwa hiyo ile methali ya darasani naiona ina ukweli nusu. Huenda chema hujiuza pale kinapofahamika, mtaani, ambako mnunuzi anamjua mfinyanzi. Kikishatakiwa kusafiri, chema nacho hujitembeza, la sivyo hutembezwa na mwingine. Na tuna methali nyingine inayosema mcheza kwao hutunzwa. Wanamuziki wa Tabora walicheza kwao, na kwao waliwatunza kadiri walivyoweza, kwa msimu.

Kirangozi anaponunua msafara

Tungedhani mambo haya yamekwisha kwa kuwa teknolojia imebadilika. Mwaka 1991 Saleh Jabir alijulikana kwa kuweka Kiswahili juu ya rap ya Vanilla Ice. Watu walisema maneno yaleyale: kuiga. Miaka michache baadaye redio na televisheni za watu binafsi ziliruhusiwa, vijana wakapata wa kuwabeba, na kutoka katika mwigo ule ukazaliwa muziki ambao sasa unaitwa Bongo Flava na unasikilizwa kote Afrika Mashariki. Njia ni ileile ya beni na ya dansi: unaiga umbo, unalitia lugha yako, halafu unatafuta mwenye mzigo.

Kilicho kipya ni jambo moja. Diamond Platnumz, ambaye asili ya mama yake ni Kigoma, mwisho wa reli yetu, hakuishia kuimba. Alianzisha lebo ya WCB Wasafi, kisha redio na televisheni. Kwa lugha ya makala haya, ni kirangozi aliyenunua msafara. Wengi humsema kwamba anaiga na kwamba ni matangazo matupu. Mimi ningependa tumhakiki kama tunavyohakiki mtunzi yeyote, wimbo kwa wimbo, na wakati huohuo tuelewe alichokifanya kihistoria. Amekataa kuwa mpagazi. Halafu tumuulize swali gumu zaidi: wale vijana waliosainiwa chini ya lebo kubwa za leo, wao ni nani katika msafara? Kubadilisha mwenye mzigo si sawa na kufuta upagazi.

Na kijana wa Tabora wa leo, mwenye simu na programu ya kutengeneza mdundo, je? Anaweza kupandisha wimbo mtandaoni usiku huu huu kutoka Ng'ambo au Isevya bila kupanda treni. Hilo ni jambo kubwa, na babu hakuwa nalo. Lakini nimeona marafiki zangu wakifanya hivyo, na wimbo ukasikilizwa na sisi marafiki tu. Kupandisha si kubebwa. Njia ipo wazi kwa kila mtu, na kwa sababu hiyohiyo imejaa watu, na mwenye fedha ya matangazo ndiye anayesikika.

Nihitimishe kwa kurudi semina. Siombi tuache kusema kwamba wimbo fulani umeiga. Mara nyingine wimbo umeiga kweli na haukuongeza kitu, na mhakiki ana wajibu wa kusema hivyo. Ninachoomba ni kwamba neno hilo lisiwe mwisho wa mjadala. Tukikutana na wimbo unaopendwa, tuulize umechukua nini na kwa nani. Tuulize umeongeza nini. Tuulize nani aliubeba na nani alibaki na mali. Na tukikutana na wimbo usiojulikana, tusikimbilie kusema kwamba usingekuwa mbaya ungejulikana.

Wazee waliopiga katika bendi za Tabora wanazidi kupungua. Wanafunzi kutoka huko tupo hapa chuoni kila mwaka, na kila likizo tunarudi nyumbani. Kazi ya kukaa nao, kuandika maneno ya nyimbo zao na kuuliza nani alizitunga haihitaji fedha nyingi, inahitaji daftari na adabu ya kusikiliza. Mimi nimeanza na kanda ya babu. Mpaka sasa nimenakili maneno ya nyimbo sita, na katika wimbo wa saba nimekwama ubeti mmoja, pale jogoo anapowika. Babu anasema anaukumbuka. Likizo hii nitamwomba aniimbie.